Kijani cha mashine hakitoshi: kuelewa alaimenti na saspensheni ya Impreza STI

Mashine ya alaimenti, ile inayopima pembe za magurudumu, ikimaliza kazi yake hutoa karatasi. Namba zote zikiwa za kijani, fundi husema gari liko sawa, mwenye gari hulipa na kuondoka. Kwa gari la kwenda kazini na sokoni, kazi imekwisha. Kwa gari la michezo, karatasi ile ni mwanzo tu. Kijani maana yake namba zimeangukia ndani ya mipaka ya kiwanda, na kiwanda kiliweka mipaka hiyo kwa kumfikiria dereva wa kawaida anayetaka tairi zidumu na gari lisimshtue. Tena zimepimwa gari likiwa limesimama, usukani umenyooka, kiti cha dereva kitupu. Gari la michezo hufanya kazi yake likiwa limelala kwenye kona, uzito umeegemea tairi za upande mmoja, na pengine mguu wa dereva bado uko kwenye breki. Kwa hiyo kurekebisha alaimenti ni kukadiria tairi litakaa vipi katika hali hiyo, kisha kulipanga likiwa limesimama ili likifika huko likanyage lami kwa upana wake wote.

Nitaeleza kwa kutumia gari moja: Subaru Impreza WRX STI ya kizazi cha 2000 hadi 2007, ile ambayo wapenzi wake huiita GDB kwa msimbo wa chasisi. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa ndani ya Impreza, Richard Burns akashinda tena kwa Impreza mwaka 2000, na mapenzi ya Wakenya kwa gari hili hayajapoa tangu hapo. Ni gari linalofaa kujifunzia kwa sababu nyingine pia: muundo wake wa chini ni rahisi kuusoma. Mbele lina strati za MacPherson, yaani shokapu na springi zimeungana kuwa nguzo moja, na chini yake kuna amu moja, yaani mkono wa chuma, inayoshika habu (kitovu cha gurudumu) kupitia boli jointi, kiungo cha duara kinachozunguka. Nyuma pia kuna strati, zikisaidiwa na linki mbili za ubavuni na moja ya kwenda mbele. Injini ya boksa imekaa mbele ya ekseli ya mbele, ndiyo maana karibu asilimia 60 ya uzito wa gari iko puani. Kasoro kubwa ya GDB inatoka hapo. Ukiingia kona kwa kasi, pua inakataa kugeuka na gari linataka kwenda moja kwa moja. Mafundi huita hali hiyo andastia, na sehemu kubwa ya marekebisho ninayoyaeleza hapa yanalenga kuipunguza.

Tuanze na pembe tatu.

Kemba ni namna tairi linavyolala ukilitazama kutoka mbele ya gari. Likiinamia ndani kwa juu, kemba ni hasi. Likiinamia nje, ni chanya. Watu wengi wanadhani tairi lililosimama wima ndilo sahihi, na kwa barabara iliyonyooka ni kweli. Lakini tazama kinachotokea kwenye kona. Tuseme bodi ya GDB imelala digrii 3 kuelekea nje. Tairi la nje linalala pamoja na bodi. Strati ya MacPherson inapobanwa hurudisha kidogo tu ya ulalo huo. Tuchukulie digrii 1. Zilizobaki, digrii 2, zinaliinamisha tairi nje, na sasa linasimamia bega lake la nje huku nusu ya ndani ikigusa lami kwa jina tu. Kama ulianza na kemba ya hasi 0.5, tairi liko kwenye chanya 1.5 wakati unapolihitaji zaidi. Kama ulianza na hasi 2.5, linakaa karibu wima kabisa, hata limebaki na hasi kidogo. Hapo ndipo mshiko wa pua unapopatikana bila kununua tairi jipya wala kugusa injini.

Kwenye GDB kemba ya mbele hurekebishwa kwa bolti. Strati imefungwa kwenye habu kwa bolti mbili, na ile ya juu si ya mviringo kamili: ukiizungusha, inasukuma habu ndani au nje. Masafa yake yana kikomo, kwa hiyo anayetaka hasi 2.5 au zaidi kwa kawaida hufunga maunti za juu zinazoteleza, ambazo humruhusu kusogeza kichwa cha strati kuelekea injini. Nyuma kiwanda hakikuweka nafasi ya kurekebisha kemba. Kuna tou tu, pembe ya tatu nitakayoieleza hapa chini.

Kasta ni ulalo wa mhimili ambao gurudumu la mbele huuzungukia, ukilitazama gari kutoka ubavuni. Ndiyo inayourudisha usukani katikati ukiuachia, na ndiyo inayoongeza kemba hasi kwenye tairi la nje kadiri unavyokata usukani. Ni pembe yenye faida pande zote: haikusumbui unapokwenda moja kwa moja, inakusaidia unapogeuka. Ubaya ni kwamba kwenye Impreza ya kiwandani hairekebishiki. Utaipata kwa kubadilisha bushi za nyuma za amu (raba zinazoishikilia kwenye fremu) au kwa maunti za juu zilizokatwa kwa mshazari. Ikitofautiana kasta ya kushoto na ya kulia kwa zaidi ya nusu digrii, gari litavuta kuelekea upande wenye kasta ndogo, na hakuna kiasi cha kucheza na tairodi, zile fimbo za usukani zinazogeuza magurudumu, kitakachoponya hilo.

Pembe inayodharauliwa kuliko zote ni tou, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndiyo inayokula pesa za watu. Tou ni namna tairi zinavyotazama ukizitazama kutoka juu: pua za tairi zikikaribiana ni tou ya ndani, zikiachana ni tou ya nje. Chukua tairi moja lililokosewa kwa digrii 0.1. Kwenye rimu ya inchi 17, hiyo ni tofauti isiyofika milimita moja kati ya ukingo wa mbele na ukingo wa nyuma wa rimu. Jicho haliioni. Lakini gari likienda kilomita moja, tairi hilo linaburutwa ubavu karibu mita 1.75. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480, na kwa umbali huo tairi litakuwa limeburutwa ubavu zaidi ya mita 800, likisuguliwa kama raba ya mwanafunzi. Na digrii 0.1 ni kosa dogo. Gari lililogonga shimo moja zito linaweza kuwa na mara tano ya hapo.

Ndiyo maana nasema wazi: ile imani kwamba kemba hasi hula tairi ndani imetiliwa chumvi kupita kiasi. Kemba ya hasi 1.5 ikiwa na tou sifuri hula tairi polepole sana, na hula kwa ulaini. Kinachomaliza bega la ndani kwa miezi michache ni kemba hasi ikifuatana na tou ya nje. Pitisha kiganja chako juu ya meno ya tairi, kutoka nje kwenda ndani, halafu rudi. Ikiwa upande mmoja kiganja kinateleza na upande wa pili kinakwaruzwa na ncha ndogo, hiyo ni tou. Tairi likiliwa bega moja bila ncha, tazama kemba. Likiwa na mabonde ya hapa na pale kuzunguka mduara, acha pembe, kagua shokapu.

Kwa uendeshaji, tou ya nje kidogo mbele hufanya gari liitikie usukani haraka. Gharama yake ni kwamba kwenye barabara yenye mifereji ya malori gari linatangatanga na unalishikilia muda wote. Nyuma sheria ni kali zaidi. Tou ya ndani kidogo nyuma hutuliza mkia. Tou ya nje nyuma, hata kidogo, humpa dereva gari ambalo mkia wake unamtangulia akiachia mafuta katikati ya kona, na kwenye barabara ya umma sioni hoja yoyote ya kuitetea.

Sasa pembe hizi zote zinakaa juu ya kitu kimoja: kimo cha gari. Na hapo ndipo magari mengi mazuri yanapoharibiwa.

Ukiliangalia gari la kiwandani kutoka mbele, amu ya chini inashuka kidogo kutoka kwenye fremu kwenda kwenye habu. Strati inapobanwa, amu inapanda kuelekea usawa, boli jointi inasukumwa nje, na tairi linapata kemba hasi kidogo. Hiyo ndiyo ile digrii 1 ya mfano wetu. Ukilishusha gari sana, amu inakuwa sawa na ardhi au inaelekea juu hata kabla ya kona. Kuanzia hapo kila inapopanda inaivuta boli jointi ndani, na tairi linapoteza kemba badala ya kuipata. Kitu cha pili hakionekani kwa macho: kila ekseli ina kituo ambacho bodi hukizunguka inapolala, na kituo hicho hushuka kwa kasi kuliko kitovu cha uzito wa gari kinavyoshuka. Umbali kati ya hivyo viwili ndio mkono unaolilaza gari, na umeongezeka. Kwa hiyo gari lililoshushwa kwa sentimita 6 kwa springi laini linaweza kulala zaidi kwenye kona kuliko lilivyokuwa, ingawa likiwa limeegeshwa linapendeza kwa picha. La tatu, tairodi haifuati tena njia moja na amu, hivyo kila tuta linaugeuza usukani lenyewe bila wewe kuuliza.

Kukata springi ni kubaya zaidi. Springi iliyokatwa inapungua urefu huku shokapu ikibaki ileile, kwa hiyo gari likiinuka kwenye tuta springi inaweza kuachana na kiti chake, na likishuka linagonga raba ya mwisho, ile inayozuia strati isibanwe kupita kiasi. Raba ya mwisho ikigongwa katikati ya kona, ugumu wa upande huo unaruka ghafla na tairi linaachia. Dereva ataapa kwamba gari limemgeuka bila sababu, kumbe sababu anaibeba mwenyewe chini ya bodi. Kwa GDB inayotumika barabarani, kushusha sentimita 2 hadi 3 kwa springi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo ndio mpaka wangu. Anayetaka zaidi abadilishe pia boli jointi na ncha za tairodi kwa zile ndefu zinazorudisha amu kwenye ulalo wake.

Kuna pia wanaoinua Subaru zao kwa vipande vya mpira au alumini juu ya strati ili zipite barabara mbovu. Nawaelewa. Lakini wajue kwamba kuinua kunasukuma kemba kuelekea chanya, na gari likitoka kuinuliwa bila alaimenti limerudishwa nyuma kwenye kasoro ileile ya pua kukataa kugeuka, safari hii na uzito ukiwa juu zaidi.

Springi zenyewe za Kijapani hupimwa kwa kilo kwa milimita. Ya kilo 4 inahitaji kilo 4 ili ibanwe milimita moja. Kila kona ya mbele ya GDB hubeba takriban kilo 390 juu ya springi. Ukipiga hesabu, springi ya kilo 4 hulifanya gari lidunde kama mara 1.5 hadi 1.6 kwa sekunde, na ya kilo 8 kama mara 2.1 hadi 2.3. Magari ya kawaida ya familia hukaa kati ya 1 na 1.5. Kwa hiyo kilo 8 inafaa kwenye lami ya uwanja wa mashindano. Kwenye barabara zetu zilizojaa viraka, tairi litakuwa linaruka juu ya lami badala ya kuifuata, na tairi lililoko hewani halina mshiko wowote. Springi ngumu si lazima ndiyo ya kasi. Magari ya Safari, ambayo tangu 2021 yamerudi kwenye ubingwa wa dunia pale Naivasha, husimama juu na saspensheni yao husafiri mbali, kwa sababu kazi yake ya kwanza ni kuweka tairi ardhini.

Shokapu huamua springi ibanwe na kurudi kwa mwendo gani. Zile za kurekebishwa zina kishikio cha kuzungusha hatua kwa hatua, na kosa la kawaida ni kukaza kote hadi mwisho kwa kuamini kwamba ugumu ni uimara. Shokapu ikizuia mno kurudi, gari linakanyaga tuta la kwanza, halijarudi juu linakutana na la pili, linazama, la tatu linazama zaidi, mpaka linapita likiwa limekaa kwenye raba za mwisho. Kwenye matuta madogo yanayofuatana utalihisi likikaza hatua baada ya hatua. Anza na upande laini, kaza kidogo kidogo mpaka bodi iache kuyumba baada ya tuta moja, kisha simama.

Stabilaiza, yaani ule mtaimbo unaounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, ndiyo silaha rahisi dhidi ya andastia ya Impreza. Ukifunga nene zaidi nyuma, tairi za nyuma zinachukua sehemu kubwa zaidi ya kazi ya kuzuia gari lisilale, na zile za mbele zinapumua. Bei yake si kubwa, kuifunga ni kazi ya asubuhi moja. Usizidishe tu. Stabilaiza nene kupita kiasi huinua gurudumu la ndani la nyuma, na kwenye mvua mkia unaweza kutoka bila kubisha hodi.

Kabla ya yote hayo kuna jambo lisilo na mvuto, ila bila hilo mengine ni kazi bure. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo GDB zote zilizopo zimekuwa hapa muda mrefu, na raba za bushi zao, zisipokuwa zimebadilishwa, zimekauka na kupasuka. Bushi iliyochoka hukupa namba moja kwenye mashine na nyingine ukikanyaga breki, kwa sababu amu inacheza. Ingia chini na tochi, weka nondo kati ya amu na fremu, sukuma. Raba ikifunguka mdomo, usilipie alaimenti bado. Kagua boli jointi, ncha za tairodi na beringi za magurudumu vilevile: inua gurudumu kwa jeki, lishike juu na chini ulitikise, halafu kushoto na kulia.

Mfuatano wa kazi baada ya hapo haubadiliki. Upepo wa tairi kwanza, tairi zikiwa baridi. Kisha kimo cha gari. Kwa wenye koilova, yaani strati ambazo kimo chake hurekebishwa, hapo ndipo uzito wa kila kona unapopimwa kwa mizani nne, dereva akiwa kitini na linki za stabilaiza zimefunguliwa. Ukipandisha kona moja, unaiongezea uzito yenyewe na ile iliyo mshazari nayo, na lengo ni kila mshazari ubebe nusu ya gari. Kisha pembe: nyuma kabla ya mbele, kwa sababu magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoamua gari linaelekea wapi, na kemba kabla ya tou, kwa sababu ukigusa kemba tou inahama. Fundi anayemaliza tou halafu akarudi kuzungusha bolti ya kemba ameifuta kazi yake mwenyewe.

Asiye na mashine anaweza kupima tou kwa uzi, na timu za mashindano hufanya hivyo hadi leo. Nyoosha uzi kila upande wa gari, kwenye kimo cha katikati ya magurudumu, ukifungwa kwenye stendi mbele na nyuma. Umbali kutoka uzi hadi katikati ya gurudumu uwe sawa kushoto na kulia kwa kila ekseli; ekseli ya mbele na ya nyuma si lazima zilingane, maana upana wao unaweza kutofautiana. Kisha kwa rula ya chuma pima kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, halafu hadi ukingo wa nyuma. Ukingo wa mbele ukiwa mbali zaidi na uzi, hiyo ni tou ya ndani. Chini ya tairi weka vipande viwili vya bati vilivyopakwa grisi katikati, la sivyo tairi linashikilia sakafu na kukupa namba ya uongo. Zungusha tairodi za pande zote mbili kwa kiasi kimoja ili usukani ubaki umenyooka, kaza nati, sukuma gari mbele na nyuma, pima upya.

Kwa GDB ya barabarani ambayo mara mojamoja inakwenda uwanjani, ningeanza na kemba ya mbele hasi 1.5, nyuma iachwe karibu na hasi 1 hadi 1.5 kama gari lenyewe litakavyoipata, tou ya mbele sifuri, na ya nyuma ya ndani kwa digrii 0.05 hadi 0.1 kwa kila gurudumu. Kwa siku za mashindano kwenye lami, mbele hasi 2.5 hadi 3 na nyuma pungufu ya hapo kwa digrii moja hivi. Hizo ni namba za kuanzia. Hukumu iko kwenye tairi lenyewe: ukitoka uwanjani, kabla halijapoa, pima joto lake kwa kipimajoto cha sindano sehemu tatu, ndani, katikati na nje. Ndani kukizidi nje kwa nyuzijoto 5 hadi 10 kunakubalika. Nje kukiwa na joto zaidi, ongeza kemba hasi. Katikati kukizidi kote kuwili, punguza upepo. Asiye na kipimajoto achore mistari ya chaki kwenye bega la tairi aone inafutika hadi wapi.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na kiandike daftarini, pamoja na upepo wa tairi na hali ya barabara siku hiyo. Springi mpya hukaa chini kidogo baada ya kilomita mia kadhaa, kwa hiyo mweleze fundi mapema kwamba utarudi kupima tena, na umwombe karatasi zote mbili, ya kabla na ya baada.